SOMO: Kupita Mto Thames kwa boti nyembamba, kutoka Limehouse hadi Brentford

Kila majira ya joto yakikaribia maswali ni yale yale: naweza kukatiza London na boti yangu ya mfereji? Niondoke saa ngapi? Nimeamua kuyaandika yote hapa, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza kwenye uzi huu.

Somo ni la wenye boti nyembamba kwenye mifereji ya Uingereza, zenye upana wa kama mita mbili, kitako bapa na injini ya dizeli. Safari, kutoka Limehouse mashariki mwa London hadi Brentford magharibi, ni ya maili 16 hivi kwa mto. Kwa njia ya mfereji utapambana na loki (vyumba vya maji vyenye malango, vya kupandishia na kushushia boti) 12 za Regent's Canal, kisha zile za kuteremkia Brentford. Kwa mto, maji yakikubeba, ni kama saa tatu.

1. Wapigie wasimamizi wa mifereji, Canal & River Trust angalau saa 24 kabla, uweke nafasi kwenye loki ya Limehouse na ile ya Brentford.

2. Soma bima yako. Si kila bima inakubali maji yenye kupwa na kujaa.

3. Redio. Boti ya mita 13.7 (futi 45) au zaidi lazima iwe na redio ya VHF na mtu mwenye cheti cha kuitumia. Sikiliza chaneli 14, ndipo waongozaji wa vyombo wa London wanapozungumza. Loki ya Limehouse iko chaneli 80.

4. Saa ya kuondoka. Toka Limehouse kama saa tatu kabla ya maji kujaa London Bridge. Maji yatakusukuma hadi Brentford, ambako hujaa kama saa moja baadaye. Jedwali nyingi za maji huandikwa kwa saa za GMT, yaani saa za Uingereza za majira ya baridi, kwa hiyo majira ya joto unaongeza saa moja, isipokuwa jedwali lako limeshaongeza. Safari ya kwanza chagua siku za maji mafu (maji hupanda na kushuka kidogo), achana na bamvua (hupanda na kushuka sana), na toka asubuhi mapema kabla vyombo vya abiria havijashamiri.

5. Nanga iwe mbele, amari (kamba) yake imefungwa tayari, hakuna kitu juu yake. Usiitupe kamwe kutoka tezini, yaani nyuma. Tezi ya boti hizi iko chini sana, mkondo ukiishika hapo maji yanaingia ndani. Jaketi za kuokolea zivaliwe, zisiwekwe kabatini.

6. DIZELI. Hapa ndipo boti nyingi zinapoumbuka. Kwenye mfereji boti inatembea mwendo wa mtu wa miguu, maji yametulia, na tangi halitikisiki hata mwaka mzima. Chini yake kunajikusanya maji, kutu na ule utelezi mweusi wa vijidudu vinavyoota ndani ya dizeli. Ukiingia Thames, vyombo vya abiria vinapita kasi, mawimbi yake yanagonga kuta za mawe na kurudi, unapigwa pande zote mbili. Uchafu wote unapanda, filta inaziba, injini inazima. Na itazima katikati ya London, mkondo ukiwa umekushika kukupeleka kwenye nguzo za daraja au, kibaya zaidi, kwenye matishari (mashua bapa za mizigo) yaliyofungwa katikati ya mto. Boti ikibanwa kiubavu kwenye tishari, maji huivuta chini yake.

Niliwahi kusafiri sambamba na boti iliyozima baada ya Lambeth Bridge. Nanga ilikuwa kabatini, chini ya magunia ya makaa. Tuliwahi kuwatupia kamba, tukawavuta ubavuni hadi Brentford. Tungekuwa mbele yao mita mia mbili, tusingewawahi.

Basi fanya hivi. Wiki moja kabla, ingiza mpira wa pampu ya mkono hadi kwenye sakafu ya tangi, vuta, mimina kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Ukiona tabaka la maji au weusi, endelea kuvuta mpaka dizeli iwe safi. Badilisha filta zote. Chukua za akiba pamoja na spana yake, na ujizoeze kuzibadilisha na kutoa hewa kwenye mfumo ukiwa umefunga boti. Kisha jaza tangi, maana tangi lililojaa halichafuki ovyo. ONYO: usilivute tangi asubuhi ya safari. Utakoroga uchafu na kuondoka nao.

7. Kaza kifuniko cha tundu la pangaboi, lile la kuondolea takataka zilizojisokota. Kikilegea, injini yenyewe itaijaza boti maji. Funga milango ya mbele. Jaribu pampu ya ngama, ya kutoa maji chini ya boti.

8. Ukitoka loki ya Limehouse mkondo utakupiga ubavuni papo hapo. Ongeza mwendo, pinda kulia, kaa upande wa kulia wa mto safari nzima. Wimbi likija, lielekezee omo (mbele ya boti) kwa mshazari, usilipe ubavu.

9. Madaraja. Taa mbili za rangi ya chungwa juu ya tao maana yake pita hapa. Duara au taa tatu nyekundu katika pembetatu: tao limefungwa. Taa nyeupe inayowaka na kuzimika: chombo kikubwa kinakuja kwenye tao hilo, kaa kando. Ikipepesa haraka haraka, vinakuja zaidi ya kimoja. Mganda wa majani makavu ukining'inia kwenye tao, nafasi ya juu imepungua kwa sababu ya kazi za ujenzi. Huo ni utaratibu wa zamani na bado unafuatwa. Mbele ya Bunge usisogelee ukuta.

10. Kuanzia Putney utakutana na wapiga makasia wengi. Wanakaa wameupa mgongo upande wanakokwenda, hawakuoni. Punguza mwendo.

11. Brentford iko kulia baada ya Kew Bridge na kisiwa kidogo. Ipite kidogo, geuza boti ikabili mkondo, kisha ingia taratibu. Loki hufunguliwa saa mbili kabla hadi saa mbili baada ya maji kujaa hapo.

MASWALI

Kijana_LDN: Mambo vipi, sijasoma yote. Kwa hiyo Jumamosi naondoka saa ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 4.

Kijana_LDN: Boti yangu futi 57, nimeazima redio kwa jamaa. Cheti sina ila najua kubonyeza. Si poa?

Mwandishi: Si poa. Futi 57 ni lazima mwenye cheti awemo botini. Kama jamaa mwenye redio ana cheti, mchukue na yeye.

Baba_Mfereji: Dada, unawatia watu hofu. Mimi nilipita na futi 40, sina redio, sikupata hata kashkash.

Mwandishi: Futi 40 hailazimishwi kuwa na redio, hukuvunja sheria, na nashukuru ulifika salama. Ila bila redio hukusikia nani anakuja nyuma yako. Sitaandika somo kwa kutegemea siku iliyokuwa njema.

mwana_wa_Tanga: Shikamoo mama. Baba yangu ni mvuvi, bamvua naijua tangu utoto. Lakini London nimeona ngazi za ukutani zikifunuka mpaka chini kabisa. Kwa nini maji yanapanda sana kuliko kwetu, na bahari iko mbali?

Mwandishi: Marahaba mwanangu, swali zuri. Kwetu bamvua hupanda takriban mita nne. London Bridge hufika karibu mita saba. Mdomo wa Thames ni mpana kisha unabanwa kama faneli, maji yanayosukumwa kutoka baharini hayana pa kwenda ila juu. Binadamu naye ameubana zaidi: Victoria Embankment ya Joseph Bazalgette, iliyofunguliwa mwaka 1870, ilijengwa juu ya eneo lililokuwa tope la mto. Njia ikiwa nyembamba, mkondo nao unakuwa mkali. Ulichojifunza kwa baba kitakusaidia hapa kuliko kozi nyingi: maji huanza polepole, hukimbia katikati, hutulia mwishoni.

mwana_wa_Tanga: Ahsante mama. Na kurudi, Brentford hadi Limehouse?

Mwandishi: Ni ngumu zaidi, usianze nayo. Unashuka na maji yanayokupwa, halafu mlango wa Limehouse uko pembeni na mkondo unaupita kwa kasi. Waite chaneli 80 mapema, geuza boti ikabili mkondo, weka mwendo wa kutosha usirudi nyuma, kisha jisogeze kiubavu hadi mdomoni. Nenda kwanza kama abiria na mtu aliyekwisha kuifanya.

Mama_Leyla: Vyombo vya jikoni je? Nina birika na sufuria nyingi rafuni.

Mwandishi: Shusha vyote sakafuni, zima gesi kwenye mtungi. Bomba la moshi na baiskeli toa juu ya paa.

Mama_Leyla: Chai basi tusinywe saa tatu nzima?

Baba_Mfereji: Chupa mbili za chai kabla ya kutoka, moja iwe na tangawizi. Hapo nakubaliana na dada, jiko lisiwashwe.

Kijana_LDN: Nikichelewa Brentford ikifungwa?

Mwandishi: Hilo sasa ni swali. Endelea juu hadi Teddington, loki yake inafanya kazi saa 24. Njiani kuna loki ya Richmond. Malango yake huinuliwa saa mbili kabla hadi saa mbili baada ya maji kujaa, nawe unapita chini yake; nje ya hapo unapita lokini kwa malipo. Juu ya Teddington ni mamlaka nyingine, Environment Agency, na kibali ni kingine, kwa hiyo waulize mlinzi wa loki unalala wapi na kwa malipo gani kabla hujafunga kamba.