SOMO: Kuvaa nguo za kubana bila kuonekana umeazima kwa mdogo wako

Wakuu, nguo ya kubana si nguo ya saizi ndogo. Mwenye kiuno 34 akinunua 32 ili "imkae", anapata suruali iliyobana kiunoni, kwenye zipu na makalioni, yaani pale pale pasipotakiwa. Panapopendeza kubana ni kuanzia goti kushuka. Kwa hiyo nunua kwa kipimo cha kiuno na paja, huko chini mwachie fundi.

Hatua ya 1: Soma lebo. Uwe unachambua mitumba soko la Karume au uko dukani, geuza suruali utafute kilebo cha ndani. Pamba asilimia 98 na elasteni (nyuzi za kuvutika) asilimia 2 inavutika na kurudi. Pamba 100 haivutiki, iachie nafasi zaidi. Elasteni ikizidi sana, jinzi inageuka taitsi, na hapo hata viatu vizuri havikuokoi.

Hatua ya 2: Jaribu ukiwa umekaa. Kwanza simama, bana kitambaa kando ya paja kwa vidole viwili: kipatikane kama inchi 1. Kisha chuchumaa, kaa kwenye kiti, simama tena. Ukiona mistari inatawanyika kutoka kwenye zipu kama sharubu za paka, au mifuko ya pembeni imeachama, nyonga zimebanwa. Hilo usitegemee fundi alitibu, kwani kitambaa cha kuachia ndani ya mshono mara nyingi hakipo. Irudishe kwenye rundo.

Hatua ya 3: Ifue kabla ya kupunguza. Hasa ya pamba mpya. Ukibana kwanza ukafua baadaye, ikisinyaa imekula kwako.

Hatua ya 4: Kwa fundi. Hapa ndipo suruali nyingi hufia, na kosa huwa ni hesabu.

Pima mguu wako kwanza: zungusha tepu kutoka kisiginoni hadi juu ya mguu, pale mguu unapoanza kupanda, na kurudi kisiginoni. Wanaume wengi huangukia inchi 13 mpaka 14. Pindo la kitambaa kisichovutika lisipungue kipimo hicho, la sivyo mguu haupiti. Kwa kadeti, mzunguko wa inchi 14 unatosha kwa wengi.

Unapomwambia fundi, sema kama ni mzunguko au upana. Pindo la mzunguko wa 14 likilazwa mezani lina upana wa 7. Halafu kumbuka mkunjo unakula mara mbili: ukiingiza nusu inchi kwenye mshono, inaondoka inchi nzima, na kila mguu una mishono miwili. Kwa hiyo kutoka 16 kwenda 14 ni nusu inchi tu kila mshono. Anayeingiza inchi moja moja amekutoa mpaka 12, na suruali imekwisha.

Apunguze sawa ndani na nje. Kwenye jinzi mshono wa ndani mara nyingi umekunjwa na kupigwa nyuzi mbili, kuufumua ni kazi, ndiyo maana fundi mwenye haraka hula kote upande wa nje. Ukiondoa kidogo haionekani. Ukiondoa inchi 2 upande mmoja, mguu unajisokota na mshono unakuja mbele. Mwombe apige bandi (mishono ya muda ya kujaribia) kwanza, uvae, ukae, ndipo akate. Akikataa, tafuta fundi mwingine.

Hatua ya 5: Juu. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Mwili wa shati unapunguzika, mabega ni kazi ghali. Funga vifungo vyote, kaa: matundu yakifunguka kati ya vifungo, shati ni dogo. Na suruali ikibana, shati lipumue kidogo. Kubana juu na chini kwa pamoja waachie waendesha baiskeli.

Ndani vaa boksa fupi isiyo na mshono mnene pajani. Simu na pochi nene visikae mifuko ya mbele.

MASWALI

*Mkuu, nina mapaja makubwa, za kubana zinanikatalia kabisa. Nifanyeje?*
Nunua inayotosha paja, hata kama kiuno kinazidi inchi 1 au 2. Kiuno hupunguzwa kwa mshono wa nyuma katikati, kisha mguu uanze kuchongwa chini kidogo ya paja. Zaidi ya inchi 2 mifuko ya nyuma inasogeleana, inaonekana.

*Na kitambi je?*
Fulana ya kubana achana nayo. Shati la kitambaa kizito kidogo, lisilochomekewa, liishie katikati ya zipu. Suruali ivaliwe kiunoni, isishushwe chini ya tumbo.

*Ijumaa natoka ofisini moja kwa moja msikitini. Nikisujudu shati linapanda, mgongo wazi.*
Tatizo ni suruali yenye kiuno cha chini. Chukua inayofika karibu na kitovu, na shati refu la kuchomekea, au weka kanzu kwenye begi uvae juu. Kama kubana kwenyewe kunafaa kwenye swala, muulize shehe; huku ni kwa fundi.

*Jasho la Dar linaniwasha mapajani.*
Usirudie suruali hiyo hiyo kesho yake, ianike igeuzwe nje ndani. Muwasho ukiacha alama ya duara yenye ukingo mwekundu, huenda ni fangasi. Nenda kituo cha afya, na vaa pana mpaka upone.