Unataka masta ya anatomia ukiwa Tanga? Anza kufundisha kabla hujajaza fomu

Hii naiandika kwa wadau wa hapa Tanga wanaoniulizaga kila siku, we unayefundisha chuo cha afya hapa mjini, we daktari uliyemaliza intern na zamu za usiku zimeshakuchosha, na we mtoto wa Makorora uliyeko SUA Morogoro unasomea mifugo ila roho yote iko kwenye mwili wa binadamu. Swali lenu moja tu, nifanyeje nipate masta ya anatomia, yaani somo la mwili ulivyojengeka, nije kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Na mimi jibu langu ni moja, wengi hawalipendi, fomu iache kwanza, tafuta darasa ufundishe. Masta hii hakuna mgonjwa atakayekuja kukushukuru mlangoni, mteja wako ni kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hajalala, anaogopa maiti na kesho asubuhi ana testi. Huyo kama humpendi basi utachoka mapema, bora ujue sasa hivi ukiwa bado nyumbani unakula bure.

Haya, vyeti tuvimalize haraka. Masta inataka digrii ya kwanza. Kwa hiyo CO (tabibu) mwenye diploma, hata kama mifupa yote 206 unaitaja ukiwa usingizini, lazima upitie digrii kwanza, na kama ni MD, yaani digrii ya udaktari wa binadamu, hiyo ni miaka 5 ya chuo na 1 wa intern. Wanaochukuliwa sana ni MD, udaktari wa meno na udaktari wa mifugo, vyuo vingine vinapokea na digrii za sayansi zilizo jirani. Ndiyo, watu wa mifugo mmo, na msijishushe, wengi wenu mmepasua wanyama wengi kuliko daktari alivyopasua kitu chochote, kitakachowasumbua ni kwamba mnyama anatembea kwa minne na binadamu kasimama, kwa hiyo maneno ya mbele, nyuma, juu na chini yote inabidi uyapange upya kichwani. Masharti yenyewe yasome kwenye prospektasi ya mwaka unaoomba, sio ile pidiefu ya mwaka juzi uliyorushiwa wasap na binamu.

Ila kuna jambo watu hawaambiwi mpaka wamechelewa. Kukubaliwa masta na kuajiriwa kufundisha ni milango miwili tofauti. Matangazo ya vyuo vya umma pale Ajira Portal mara nyingi yanataka GPA ya 3.8 ya digrii ya kwanza kwa Mkufunzi Msaidizi, na kwa Mhadhiri Msaidizi wanaongeza masta ya 4.0, kwa watu wa udaktari vigezo vinaweza kuandikwa tofauti kwa hiyo soma tangazo mpaka nukta ya mwisho. Mhadhiri kamili sasa hapo ni PhD. Maana yake ukiingia masta kwa kulegalega ukapata 3.6 umefaulu, umevaa joho, bi mkubwa amepiga vigelegele, na mlango wa pili unaweza kubaki umefungwa.

Chuo gani? Kwa hapa nchini wengi wanaanzia MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili pale Upanga, Dar, shule ile imeanza mwaka 1963 na jina la MUHAS imelipata 2007. Nje kidogo kuna Chuo Kikuu cha Nairobi, idara yao ya anatomia iko kampasi ya Chiromo, na Makerere kule Mulago ambako udaktari unafundishwa tangu 1924. Mi nasema jina la chuo lisikupe kiwewe. Mtafute mwanafunzi anayesoma hapo sasa hivi, sio ofisi, umuulize haya: meza moja ya kupasulia wanakaa wangapi, mtu wa masta anapasua mwili mzima kwa mkono wake au anasimama pembeni akiangalia, slaidi za histolojia (vipande vyembamba vya mwili vya kuangalia kwa hadubini) anatengeneza mwenyewe kuanzia kukata kipande mpaka kukipaka rangi au anaazimwa boksi la zamani, na je anapewa wanafunzi wa kufundisha kuanzia muhula wa kwanza. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Chuo kinachokuachia meza yako na vijana wanane wanaokuuliza maswali kitakutengeneza kuliko chuo chenye jengo jipya la vioo ambacho unakaa miaka miwili unasikiliza lekcha.

Masomo yenyewe yamegawanyika manne, anatomia ya kuona kwa macho, histolojia ya kwenye hadubini, embriolojia yaani mtoto anavyojengeka tumboni, na neuroanatomia, yaani ya ubongo na neva. Ya kwanza ni ya mkono na kumbukumbu, histolojia ni ya jicho, unazoea. Embriolojia ndiyo inayoliza watu maana kila kitu kinahama wakati unakisoma, leo kiko shingoni wiki ijayo kimeshuka kifuani, mfano diaframu, ule msuli wa kupumulia chini ya mapafu, inaanzia juu shingoni ndio maana neva yake inatokea kwenye shingo, C3 mpaka C5 (neva za shingo ya tatu mpaka ya tano), halafu inasafiri kifua kizima kuifuata. Ukishaelewa kitu kama hicho hukisahau tena, na ukimweleza mwanafunzi utaona uso wake unabadilika hapo hapo.

Maiti. Hapa Tanga hili lazima tuliongee. Nyumbani watauliza, na wana haki, sisi tumelelewa kwamba maiti anaoshwa, anasaliwa, anazikwa haraka. Usiwafiche wazee halafu waje wasikie barazani kwa jirani. Kaa nao, waeleze kwamba daktari atakayempasua mama yao tumbo kesho kajifunzia mahali, na kama swali ni la dini mpeleke mzee kwa shehe wake anayemuamini wakaongee wenyewe, we usijifanye mufti. Na ujue ukweli wa mambo, nchi nyingi za Afrika miili ya kufundishia inatoka kwa waliofariki bila ndugu kujitokeza, wakati shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia, IFAA, tangu 2012 linahimiza utumike mwili wa mtu aliyejitolea mwenyewe akiwa hai. Kwa hiyo huyo aliyelala mezani huenda hakuulizwa. Darasa lako lifundishe hivyo siku ya kwanza: simu zote nje, hakuna picha hata ya mkono, sehemu isiyofanyiwa kazi inafunikwa, vipande vinarudishwa kwenye mwili ule ule, na anayecheka anatoka.

Fomalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, nayo sio ya kuchezea. Macho yatachuruzika, pua itawaka, na IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, ilishaiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Madirisha wazi, feni zinazotoa hewa nje, glovu za naitraili, koti la maabara linabaki chuo. Lile koti ukilileta nyumbani ukalitundika na nguo za watoto utasikia maneno.

Sasa kufundisha, ambako ndiko nilikotaka kufika. Hauhitaji kibali cha mtu kuanza. Vyuo vya afya vina vijana wa cheti na diploma wanaofeli anatomia kila muhula, muombe mkufunzi wao akupe saa moja ya jioni, bure, ya marudio. Halafu usiende na slaidi mia, nenda na chaki za rangi, nyekundu kwa ateri, buluu kwa vena, njano kwa neva, kijani kwa limfu, hizo ndizo rangi zinazotumika dunia nzima. Kuchora ubaoni kunakulazimisha uende mwendo wa mwanafunzi, ateri unayoichora taratibu na yeye anaichora taratibu, wakati slaidi inapita kama basi la Dar pale Segera, abiria hata hajajua alikuwa wapi.

Mfano mmoja wa somo ambalo naona kila mwalimu mpya aanze nalo: sindano ya tako. Kila muuguzi ataichoma, na kila mwaka kuna mtu mahali fulani anatoka kliniki mguu unaburuza kwa sababu ya neva ya siatiki, ile neva nene kuliko zote mwilini. Usianze na jina la neva. Mwambie kila mmoja ajishike mwenyewe, juu ya nguo, atafute mfupa unaogonga kiganjani kando ya nyonga ukizungusha mguu, hicho ni kinundu kikubwa cha pembeni cha mfupa wa paja. Halafu atafute kile kishimo juu ya tako karibu na uti wa mgongo. Chora mstari wa kufikirika kati ya hapo na hapo. Neva inapita chini ya mstari, sindano inakaa juu na nje ya mstari. Ukimaliza hapo ndio unafungua mchoro, unaonyesha inavyochomoza chini ya msuli wa pirifomisi, na unaongeza kwamba kwa baadhi ya watu sehemu yake inapenya katikati ya msuli huo huo, miili haifanani. Mwisho uliza, mtoto mchanga je? Subiri, usijibu. Atatokea mmoja atasema paja, muulize kwa nini paja. Hapo tayari umefundisha mifupa, msuli, neva na kazi ya kesho ndani ya dakika ishirini na hujataja hata neno moja la kukariri.

La pili ni moyo wa mbuzi. Sio wa ng'ombe, wa ng'ombe mara nyingi unakuja umeshachanjwa na mkaguzi wa nyama anayetafuta minyoo ya tegu, na isitoshe una kimfupa ndani ambacho binadamu hana, utaanza kujibu maswali usiyoyataka. Ongea na mtu wa bucha siku moja kabla, mwambie aache mishipa mirefu juu, asiikate kwenye shina. Darasani kata aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, iwe fupi ya kidole kimoja hivi, shika moyo wima, mimina maji taratibu ndani ya aota. Maji yatasimama. Waache waone zile kikombe tatu za vali zimejaa na kujifunga zenyewe bila msuli wowote kuzivuta. Ndipo upasue ventrikali zote mbili, vile vyumba vya chini vya moyo, kila mwanafunzi abane ukuta wa kulia na wa kushoto kati ya vidole, unene wenyewe utawaambia damu ipi inaenda mbali. Figo pia chukua ya mbuzi kwa umbo la nje, ni laini kama ya mtu, ya ng'ombe ina mafundo mafundo.

Ukishakuwa ndani ya masta, kazi ambayo hakuna anayeipenda ni kutunga ule mtihani wa vituo, pini imechomekwa kwenye kitu, kengele ikilia unahama. Jitolee kuutunga. Pini ikikaa milimita chache pembeni swali lina majibu mawili, na ukishabishana na darasa zima siku ya matokeo utajua kuchomeka pini. Mbinu za ufundishaji zenyewe, kupanga somo, kutunga maswali, kupima, kuna CEDHA kule Arusha, kituo cha kuendeleza walimu wa afya, wakufunzi wengi wa vyuo vya kati wamepita huko na inaonekana wakisimama mbele ya darasa.

Risechi usiende kuitafuta mbali. Watu wanahangaika kutafuta mada za kutisha wakati ultrasaundi ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo. Urefu wa figo ya mtu mzima vitabuni ni karibu sentimita 9 mpaka 12, vipimo vingi hivyo vimetoka kwa Wazungu, watu wa Tanga je? Wanawake, wanaume, mrefu, mfupi, kushoto na kulia. Hiyo ni mada safi, haina gharama kubwa na daktari wa mionzi ataitumia. Ila vibali anza mapema jamani, kamati ya maadili ya chuo, halafu barua ya mkoa, halafu uongozi wa hospitali, na kila meza ina mtu aliyeenda semina.

Hela sitasema mengi. Kama umeajiriwa omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla ya kuomba chuo, na uliza kama mwajiri ana fungu la kusomesha. Vyuo vinavyokuajiri kama Mkufunzi Msaidizi kwa kawaida vinataka uende masta, hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote.

Na usaili wa kufundisha ukiitwa, watakupa dakika chache usimame mbele ya jopo kama darasa. Chagua kitu kidogo. Watu wanakwenda na pleksasi ya brakiali nzima, ule mtandao wa neva za mkono, mizizi 5, vigogo 3, migawanyo 6, kamba 3, matawi 5, jopo linasinzia. Chukua C5 na C6 peke yake, anza na mtoto aliyezaliwa kwa shida bega likavutwa, mkono umelala pembeni kiganja kinatazama nyuma, uliza jopo misuli ipi imelala, chora hiyo tu. Muda ukiisha nyamaza, hata kama neva ya mediani ulikuwa umeipenda sana.