Kujenga resoti mlimani Lushoto bila kuukatakata mlima

Watu wengi wakipata kiwanja mlimani kitu cha kwanza wanaita kijiko kije kisawazishe. Unakuta mtu kapata sehemu nzuri mno ukingoni mwa Usambara, upande wa Irente kule, tambarare ya Mazinde yote anaiona chini, afu anachimba mlima mpaka apate kiwanja kama cha mpira na udongo wote anausukumia bondeni. Jamani tusifanye hivyo. Udongo uliomwagwa haujashikana, masika ikija unaondoka, na ule uliobaki juu umesimama wima hauna wa kuushikilia.

Anza na maji, vyumba baadaye. Nenda eneo lako mvua ikinyesha, kati ya Machi na Mei, vaa gambuti, beba vigingi, uone maji yanapita wapi, yanatuama wapi, yanachomoza wapi. Korongo hata kama kiangazi ni kavu kabisa usilizibe wala usiweke chumba karibu na mdomo wake. Desemba 2023 matope, mawe na magogo yalishuka toka mlima Hanang yakaingia Katesh, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, kwa hiyo hili sio jambo la kusema tutaona mbele ya safari. Cheki pia miti iliyopinda shinani, nyufa zilizojikunja ardhini, nguzo za uzio zilizoinama. Ukiona hizo hapo acha pori libaki pori. Na waulize wazee wa kijiji, wanajua wapi pamewahi kuporomoka.

Ukishajua maji yanapita wapi, tafuta mistari ya usawa wa mlima, yaani inayopita sehemu zenye kimo kilekile. Mpima ardhi utamhitaji ndio, ila we mwenyewe unaweza kuanza na fremu A, ileile mabwana shamba wanayotumia kupimia matuta. Miti miwili ya kama mita 2 iunganishe juu, weka mti wa kukatisha katikati, ning'iniza kamba yenye jiwe toka kileleni. Simamisha miguu juu ya vigingi viwili, weka alama kamba inapogusa ule mti wa katikati, geuza fremu miguu ibadilishane vigingi, weka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndio usawa wako. Sasa itembeze kwenye mteremko mguu kwa mguu, kila kamba ikikaa kwenye alama gonga kigingi, mwisho unaona kabisa mlima unavyojikunja na utajua vyumba vilale vipi.

Chumba kilale kwa urefu kufuata mstari huo, kisiukate. Kiinue juu ya nguzo, za nyuma fupi za mbele ndefu, sakafu ya mbao, chini maji na majani yapite bila shida. Nguzo zishuke mpaka udongo mgumu au mwamba na kina aseme mhandisi, fundi asikisie. Vyumba vidogo vidogo vilivyotawanyika ni bora kuliko ghorofa moja kubwa, hata mgeni anapata utulivu wake.

Kuna sehemu lazima uchimbe, mfano maegesho. Weka maegesho karibu na barabara wageni watembee kidogo, na ukuta wa kuzuia udongo ujenge kwa ngazi fupi fupi badala ya mmoja mrefu, nyuma yake jaza kokoto na uache matundu maji yatoke, maana ukuta mwingi unaangushwa na maji yaliyojaa nyuma yake. Juu ya majengo yote chimba mtaro wa kukinga maji uyapeleke taratibu korongoni.

Maji ya bati usiyaache yamwagike tu. Bati la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 10 linakupa kama lita 1,000, toa kidogo inayopotea. Matenki ya vyumba vya juu yanaweza kuhudumia vya chini bila pampu, mteremko unafanya kazi. Shimo la choo liwe chini ya vyumba na mbali na chemchemi, na kumbuka sheria ya mazingira ya 2004 inataka uache mita 60 toka mtoni. NEMC, wale wa baraza la taifa la mazingira, nenda mapema kabla hujalipia michoro ya mwisho.

Upande wa Irente jua la jioni linakuja usoni kabisa, kwa hiyo paa litokeze vya kutosha kwenye baraza. Juni na Julai baridi ni kali, kila chumba kiwe na sehemu ya moto. Mikaratusi usipande karibu na chemchemi, inakunywa sana.

Njia ya wanakijiji ya kwenda kuchota maji kama inapita kwako iache, ichore kabisa kwenye ramani.

Kuchimba fanya Juni mpaka Septemba, anza na mitaro na matenki, afu vuli ikianza Oktoba panda nyasi za vetiva kila palipobaki udongo mtupu, mistari ifuate vile vigingi vyako.