SOMO: Osaka kwa siku nne, begi moja mgongoni, mfuko usiumie

Wakuu, wengi wanaiogopa Japani wakidhani chakula ndicho kitakachowamaliza. Sivyo. Kula kule ni nafuu kuliko unavyofikiri. Kinachonyonya hela ni kuhamahama. Mtu ana siku nne, anataka Tokyo, Kyoto, Hiroshima na Osaka, mwishowe anaijua vizuri treni tu. Somo hili ni la anayetua Osaka na kubaki Osaka, awe mwanafunzi aliyeko Japani mwenye likizo fupi au anayetokea nyumbani.

Hatua ya 1: Tarehe
Kwepa mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Wajapani wenyewe wako likizo, vitanda vinapanda bei. Hata Jumamosi ya kawaida hupanda. Watanzania, Wakenya na Waganda tunahitaji viza, na utaulizwa ratiba ya siku kwa siku, basi ipange mapema.

Hatua ya 2: Kutoka uwanja wa ndege
Uwanja wa Kansai uko baharini, juu ya kisiwa cha kutengenezwa. Kampuni ya Nankai ina treni ya kifahari, Rapi:t, iache ipite. Panda Airport Express yao: hadi stesheni ya Namba, katikati ya mji, ni dakika 45 hivi, chini ya yeni 1,000. Chukua pia kadi ya ICOCA, unaigusisha getini kwenye treni, metro na mabasi, na dukani unalipia.

Hatua ya 3: Kulala
Shuka Shin-Imamiya, kabla ya kufika Namba. Hapa ndipo penye siri ya safari nzima. Mtaa wa jirani, Kamagasaki, ulikuwa kambi ya vibarua wa ujenzi, hasa wakati mji ukijiandaa kwa maonyesho ya dunia ya 1970. Gesti zao zilikuwa vyumba vya ukubwa wa mikeka mitatu ya tatami (mikeka ya Kijapani ya sakafuni), bafu la pamoja. Vibarua wamezeeka, na gesti nyingi zikageukia wageni wenye mabegi. Siku za kawaida utapata chumba kwa yeni 2,500 hadi 4,000. Wazee wa mtaa bado utawaona wamekaa barabarani. Wasalimie ukipenda, ila usiwapige picha.

Kuna pia hoteli za kapsuli, unalala ndani ya kijisanduku cha kutosha kitanda tu, ambazo zilianzia mji huu huu mwaka 1979 kwa ubunifu wa msanifu majengo Kisho Kurokawa. Jaribu usiku mmoja kama una hamu. Mimi nachagua mkeka na mlango wangu mwenyewe.

Hatua ya 4: Kula
Ingia supamaketi jioni, saa mbili hivi. Wahudumu hupita wakibandika stika za punguzo kwenye vyakula vilivyopikwa. Yenye alama 半額 ni nusu bei. Subiri kistaarabu, usimfuate mhudumu nyuma nyuma (wapo wanaofanya hivyo). Mchana, bakuli la wali na nyama ya ng'ombe kwenye migahawa ya Sukiya au Yoshinoya linakushibisha kwa bei ndogo. Takoyaki, zile donge za unga zenye pweza, kula moja kwa moja kibandani, lakini poza kwanza, ndani ni moto. Ukila mishikaki ya kukaanga mtaa wa Shinsekai na sosi ikawa ya chombo cha pamoja, chovya mara moja tu, ukiuma hurudishi. Soko la Kuromon litazame kwa macho, bei zake ni za watalii. Maji ya bomba yanyweke bila wasiwasi.

Hatua ya 5: Kuzunguka
Kadi ya metro ya siku nzima, Enjoy Eco Card, ni yeni 820, na 620 wikendi na sikukuu. Inunue siku ya mizunguko mingi tu. Kutoka Shin-Imamiya unafika Shinsekai na hekalu la Shitennoji, lililoanzishwa mwaka 593, kwa miguu. Tenjinbashisuji ni mtaa wa maduka wenye paa, kilomita 2.6, mvua ikinyesha nenda huko. Bustani ya Ngome ya Osaka ni bure. Mnara wenyewe ni wa zege, wa mwaka 1931, una lifti ndani. Kwangu mimi kuutazama kutoka nje kunatosha.

Siku moja nenda mji jirani wa Nara kwa treni ya Kintetsu kutoka Osaka-Namba, dakika 40 hivi, yeni 680. Kulungu wanazurura bustanini zaidi ya elfu moja. Ficha karatasi zako, wanazitafuna.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, sisi Waislamu tutakula nini?
Jibu: Samaki, wali na matunda vipo tele. Tahadhari na supu za tambi, nyingi ni za mifupa ya nguruwe, na sosi huwa na pombe ya kupikia. Tafuta migahawa yenye alama ya halali. Msikiti wa Istiqlal uko Nishinari, wilaya hiyo hiyo ya gesti.

Swali: Mimi ni mwanamke na nitakuwa peke yangu. Hapo Kamagasaki si hatari?
Jibu: Dada, mtaa ni mchakavu, walevi wapo. Chagua gesti iliyo karibu na stesheni, au kapsuli yenye ghorofa ya wanawake. Metro ya Midosuji ina behewa la wanawake siku za kazi.

Swali: JR Pass, ile tiketi ya kuzunguka Japani nzima kwa treni za JR, ninunue?
Jibu: Hapana. Oktoba 2023 ya siku saba ilipanda hadi yeni 50,000. Kwa safari hii ni kutupa pesa.

Swali: Kwa siku niandae kiasi gani, ukitoa tiketi ya ndege?
Jibu: Yeni 6,000 hadi 7,000, kitanda kikiwemo. Beba noti kidogo, mashine za kutolea pesa kwenye maduka ya 7-Eleven zinakubali kadi za nje.

Swali: Chaja yangu ya Kenya itaingia?
Jibu: Haiingii kaka. Kule ni pini mbili bapa, volti 100. Nunua adapta Nairobi kabisa.