Somo: Kuendesha mradi wa mwaka wa mwisho kwa Skramu ndani ya wiki 15

Wakuu, somo hili ni la vikundi vya watu wanne hadi sita wanaotengeneza mfumo kama mradi wa kumalizia chuo. Mfano wetu ni mfumo wa kuripoti matengenezo ya hosteli: mwanafunzi anaripoti bomba lililopasuka, mlezi wa hosteli anaipokea taarifa, fundi anapangiwa.

Skramu ni njia ya kutengeneza programu kwa vipindi vifupi, kila kimoja kikitoa kitu kinachofanya kazi. Vikundi vingi huichukua Skramu ya ofisini na kuileta chuoni ilivyo, halafu inawashinda. Mwongozo wa Skramu wa 2020 unataka timu ikutane dakika 15 kila siku. Hilo linamfaa mtu anayeshinda kwenye kazi hiyo hiyo. Mwanafunzi mwenye kozi nyingine tano, ukimuuliza kila siku amefanya nini tangu jana, mara nyingi hana jibu, na mwisho atakimbia mkutano. Kwa hiyo tunaanzia kwenye saa.

1. Hesabu saa mlizo nazo kweli

Chukua watu watano, kila mmoja saa 8 kwa wiki. Sprinti (kipindi kimoja cha kazi) ya wiki mbili inawapa saa 80. Sasa toa mikutano: kupanga saa 1, vikao vinne vya dakika 15 (viwili kwa wiki, badala ya kila siku), kuonyesha kazi nusu saa na tathmini nusu saa. Hizo ni saa 3 kwa kila mtu, yaani 15 kwa kikundi. Zimebaki 65. Toa robo kwa ajili ya hitilafu, umeme kukatika na majaribio ya kushtukiza. Mna kama saa 48. Kikundi kinachojipangia kazi za saa 80 kimeshachelewa kabla ya kuanza.

2. Panga sprinti kwa kufuata ratiba ya chuo

Wiki ya 1 na 2 ni za andiko, kuongea na watumiaji na kuandaa hifadhi ya Git (programu inayotunza faili za mradi na kumbukumbu za mabadiliko) pamoja na seva. Sprinti ya kwanza ni wiki 3–4, ya pili 5–6. Kama wiki ya 7 ni ya majaribio ya katikati ya muhula, iacheni wazi kabisa. Kisha 8–9, 10–11 na 12–13. Wiki mbili za mwisho ni za marekebisho na ripoti. Hapo hakuna kipengele kipya, hata kama mtu ameota wazo zuri usiku.

3. Gawa majukumu

Msimamizi wenu asiwe mmiliki wa bidhaa, yaani anayeamua kipi kitengenezwe kwanza. Yeye ndiye anayetoa alama, tena hapatikani kirahisi. Mtafuteni mlezi wa hosteli, halafu mmoja wenu amwakilishe na awe na kauli ya mwisho kuhusu kipi kitangulie. Mwingine awe mratibu wa Skramu: kazi yake ni kuondoa vikwazo na kulinda muda wa vikao. Yeye si kiranja.

4. Andika orodha ya kazi

Kila hitaji liandikwe kwa mdomo wa mtumiaji: "Mimi mkazi wa hosteli nataka kutuma picha ya bomba lililopasuka, ili fundi aje na vifaa sahihi." Chini yake weka masharti ya kulikubali: picha isizidi MB 2, namba ya chumba ni lazima, ripoti ionekane kwa mlezi. Kisha livunje kuwa kazi za saa 2 hadi 6. Kazi ya saa 15 huwa imeficha kitu ambacho hamjakielewa bado.

Kadirieni kwa saa. Pointi (namba za kulinganisha ukubwa wa kazi bila kutaja saa) zinahitaji sprinti kama tatu ili wastani wa mnazomaliza utulie, na mkifika hapo zaidi ya nusu ya mradi imeshapita.

5. Sprinti ya kwanza: njia nyembamba inayofika mwisho

Hapa ndipo miradi mingi hufia. Mmoja anachukua kanzidata (mahali taarifa zinapohifadhiwa), mwingine kurasa, mwingine usajili na nywila, wakiahidiana kuunganisha baadaye. Wiki ya 12 wanakuta fomu inatuma "chumba" na kanzidata inasubiri "namba_chumba", na hakuna aliyewahi kuiweka kwenye seva. Anzeni na fomu moja tupu: ripoti itumwe, ihifadhiwe, ionekane kwenye ukurasa wa mlezi, yote yakiwa kwenye seva. Nywila na rangi zitakuja sprinti ya pili.

6. Kubalianeni maana ya "imeisha"

Kazi imeisha pale msimbo (maandishi ya programu) ulipopitiwa na mwenzako, ukaunganishwa kwenye tawi kuu (nakala ya pamoja iliyo kwenye Git), una angalau jaribio moja la kiotomatiki (programu ndogo inayoupima), unafanya kazi kwenye seva, na aya yake ya ripoti imeandikwa. "Kwangu inafanya kazi" ibaki safu ya "inaendelea" kwenye ubao wa kazi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, msimamizi anadai hati nzima ya mahitaji wiki ya nne. Si ajaili inakataa nyaraka?*

Haikatai. Ajaili ni mtazamo wa kutengeneza programu kidogo kidogo, na Skramu ni njia mojawapo ya kuufuata. Tamko lake la 2001 linaipa programu inayofanya kazi uzito kuliko nyaraka nyingi, halisemi zitupwe. Mpeni hati yenye mahitaji yote kwa ufupi, mkifafanua yale ya sprinti mbili za mwanzo. Yaliyobaki yajazeni kila sprinti, kwa namba ya toleo na tarehe.

*Kuna mwenzetu hafanyi chochote ila jina lake limo. Tunafanyaje?*

Kila kadi ya kazi kwenye ubao iwe na jina la mtu mmoja. Kadi isiyosogea vikao viwili mfululizo, mratibu amuulize faragha. Mara nyingine mtu amekwama na anaona haya kusema. Ikishindikana sprinti nzima, mwambieni msimamizi wiki ya sita mkiwa na ubao na kumbukumbu za Git. Msihesabu wingi wa mistari ya msimbo, maana anayefuta takataka naye anafanya kazi.

*Wengine tunaishi mbali na bando ni tatizo. Vikao vya ana kwa ana havifai.*

Tumieni WhatsApp siku mbili kwa wiki, kabla ya saa tatu usiku, kila mtu mistari mitatu: nilichomaliza, ninachofuata, kinachonikwamisha. Mjadala wa vikwazo ufanywe na wahusika pekee. Kupanga sprinti na kuonyesha kazi, kutaneni chuoni.

*Mimi niko peke yangu kwenye mradi.*

Achana na Skramu, tumia Kanbani, njia ya kusogeza kadi za kazi kwenye ubao bila sprinti: safu tatu, na "inaendelea" isizidi kadi mbili. Kila Ijumaa mwonyeshe mtumiaji mmoja kilichopo kwenye seva.