Kuomba Uzamili Tanzania: Anza na Wadhamini, Fomu Baadaye

Angalia GPA yako (wastani wa alama) ya shahada ya kwanza: kwa programu nyingi za uzamili huhitajiwa angalau 2.7 kati ya 5. Uliyesoma nje ya nchi, peleka vyeti TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) vitambuliwe mapema, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Kinachowakwamisha wengi ni barua za wadhamini, yaani watu wanaokushuhudia kitaaluma, si wanaokulipia ada. Mwombe mhadhiri aliyekusimamia utafiti, si mkubwa fulani asiyekufahamu. Mpe wiki nne, pamoja na transkripti, wasifu wako na jina kamili la programu. Mfumo wa maombi wa chuo ukimtumia kiungo cha kuweka barua yake, ujumbe huweza kuangukia kwenye barua taka, kwa hiyo mpigie simu siku hiyohiyo. Ukikosea herufi moja ya baruapepe yake, utasubiri jibu lisilokuja.

Majina yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha shahada. "Mohamed" na "Mohammed" kwa mfumo ni watu wawili. Yakitofautiana, muone wakili mapema akuandalie hati ya kiapo.

Ada ya maombi lipia kwa kontro namba (namba ya malipo) ya ombi lako mwenyewe. Kisha rudi ubonyeze kitufe cha kutuma: kulipa peke yake hakupeleki maombi.