Kupima ukubwa wa Bwawa la Mtera kwa picha za setilaiti

Mtera hulishwa na mito ya Ruaha Mkuu na Kisigo, na maji yakitoka hapo huteremka kuendesha mitambo ya umeme ya Kidatu. Kufuatilia linavyojaa na kupungua hakuhitaji boti. Fungua akaunti ya Google Earth Engine, huduma ya mtandaoni ya kuchambua picha za setilaiti, ambayo ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Hesabu hufanyika kwenye kompyuta zao, kwa hiyo hata bando dogo linatosha.

Hatua ya 1: Chora mpaka. Tumia picha ya Mei, bwawa likiwa limeshiba. Ukichora Novemba, mvua zikija maji yatavuka mstari wako.

Hatua ya 2: Chagua picha. Kiangazi tumia Sentinel-2, setilaiti inayopiga picha kwa mwanga wa jua. Desemba hadi Aprili mawingu yanaziba, hamia Sentinel-1, setilaiti ya rada, maana rada hupenya. Kwenye picha hizo za rada, maji yaliyotulia hutoka meusi, ila upepo ukiyachafua hung'aa kama nchi kavu.

Hatua ya 3: Tenganisha maji na udongo. Kwenye picha ya Sentinel-2, chukua bendi (tabaka la rangi moja ya mwanga) ya 3 (kijani), toa bendi ya 11 (infraredi ya mawimbi mafupi), kisha gawa kwa jumla ya hizo mbili. Tuseme piksela (nukta moja ya picha) ina kijani 0.10 na infraredi 0.02: 0.08 kwa 0.12 ni 0.67, hayo ni maji. Udongo mkavu wenye 0.12 na 0.30 unatoa -0.43. Wengi huweka mpaka kwenye 0, kinachozidi hapo wakakiita maji. Mimi hubofya kwanza piksela kumi za ukingoni, kwenye tope, ndipo naamua.

Hatua ya 4: Hesabu. Piksela ya bendi ya 11 ina mita 20 kwa 20, hivyo 25 ni hekta moja. Rudia kila mwezi.

Usiipeleke hesabu hii Usangu kichwakichwa. Majaruba ya mpunga yatahesabiwa kama bwawa, na kinamasi cha Ihefu, ambako matete yamefunika maji, itaonekana kavu. Niliwahi kuandika kwamba kipande kimoja kimekauka. Nilipofika, mzee mmoja alikuwa anasukuma mtumbwi kwa upondo katikati ya "ukavu" wangu.

Hatua ya 5: Oanisha na kina. Eneo si ujazo. Kingo za Mtera ni tambarare, kina kikishuka kidogo tu ufukwe unarudi mbali. Tafuta usomaji wa kina wa siku ileile ya picha, uandike pembeni ya hekta. Ukifikisha jozi ishirini hivi, chora grafu. Kuanzia hapo picha peke yake itakupa makadirio ya kina.